Anwani ya seva isifungwe ndani ya msimbo

Anayetengeneza programu ya stoo itakayotumika katika duka la Majengo, Dodoma, na katika ghala la mahindi Kibaigwa, asiandike jina la seva (kompyuta inayotunza data) ndani ya msimbo (maandishi ya programu), kwa sababu siku seva itakapobadilishiwa anwani atalazimika kuisakinisha programu upya kwenye kila kompyuta. Aweke dirisha dogo la mipangilio, lenye kitufe cha kujaribu muunganisho kabla ya kuhifadhi.

Kwa wanaotumia lugha ya C# na hifadhidata ya SQL Server, maelezo ya muunganisho, yaani jina la seva, mtumiaji na nywila, yaunganishwe kwa SqlConnectionStringBuilder (darasa la kazi hiyo) badala ya alama ya kujumlisha, maana nywila yenye nukta mkato huvuruga maandishi yote. Muda wa kusubiri seva ijibu, usipoubadilisha, ni sekunde 15. Kwa majaribio ya dukani 5 zinatosha, ingawa ghala linalotegemea modemu ya simu ningeliachia zote 15.

Kinachosumbua zaidi ni mahali pa kuhifadhi mipangilio hiyo. Mtumiaji wa kawaida wa Windows haruhusiwi kuandika ndani ya Program Files, hivyo programu iliyokubali kwa fundi mwenye mamlaka yote hugoma kwa karani. Tumia folda ya AppData, ambayo ni ya kila mtumiaji peke yake, au ProgramData, ya watumiaji wote, ikiwa makarani kadhaa wanashirikiana kompyuta moja, na urekebishe ruhusa za folda hiyo wakati wa kusakinisha. Nywila ifichwe kwa ProtectedData, darasa la kusimba data. Kwenye kompyuta ya kushirikiana chagua LocalMachine (kompyuta nzima), kwani ukichagua CurrentUser (mtumiaji mmoja), karani wa zamu ya jioni anayeingia kwa akaunti yake hataweza kuifungua.