Kabla ya Kuingia Mashindano ya Tenisi ya Kulipwa Kwenye Viwanja Vigumu: Kwa Mchezaji wa Kike na Anayemsindikiza

Anza na usajili. Kwa mashindano ya ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, unahitaji namba ya IPIN, ambayo ni namba ya utambulisho wa mchezaji, na saa ya mwisho ya kujiandikisha huhesabiwa kwa GMT, si kwa saa ya ukutani kwenu. Iandike tarehe hiyo, na chini yake uandike tarehe ya mwisho ya kujitoa bila adhabu. Pasipoti na viza unajua mwenyewe. Bima ya matibabu isome hadi mwisho, kwa sababu bima nyingi za safari hazimgusi mwanamichezo anayecheza kwa malipo.

Kisha uliza kiwanja chenyewe kikoje. Chini huwa ni lami au zege, juu tabaka za rangi ya akriliki iliyochanganywa na mchanga, na mchanga huo una usemi mkubwa katika kasi ya mpira. ITF hupanga viwanja kwa madaraja ya kasi, 1 kikiwa cha polepole kabisa na 5 cha kasi kabisa. Melbourne, kwenye Australian Open, hutumia rangi ya GreenSet, na New York, kwenye US Open, hutumia Laykold, vyote tangu 2020, na mtu aliyezoea kimoja hulazimika kujirekebisha akienda kingine. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa “ni kigumu”. Uliza mpira pia. Kwenye US Open wanawake walikuwa wakichezea mpira tofauti na wa wanaume, na Iga Świątek, bingwa kutoka Poland, aliulalamikia waziwazi mwaka 2022 kwamba ulikuwa mgumu kuudhibiti. Mwaka uliofuata wakapewa ule wa wanaume. Kama mchezaji wa kiwango chake anasumbuliwa na mpira, nawe tafuta mapema mikebe ya mpira utakaochezewa ufanyie mazoezi.

Raketi zisipungue tatu, na moja ikazwe nyuzi kidogo zaidi kwa ajili ya mchana wa jua kali, mpira unapokuwa mwepesi kuruka.

Sasa viatu. Hapa nisikilize vizuri.

Nilimsindikiza binti mmoja kwenye mchujo akiwa na jozi moja tu, mpya, inayomkaa sawasawa. Viwanja vilikuwa vimetoka kupakwa rangi, na rangi mpya inakwaruza kama msasa. Kwenye udongo mguu hupata nafasi ya kuteleza kabla ya kusimama. Kwenye rangi ile soli inanasa papo hapo, ila mguu ulio ndani ya kiatu bado unakwenda. Kila mchezaji anapokatisha mbio na kugeuka, ngozi ya wayo inabaki na kiatu, mfupa unatangulia. Alishinda mechi ya kwanza, tukafurahi. Alipovua soksi, lengelenge lilikuwa limetanda chini ya vidole vyote vya mguu wa kulia, na ukucha wa kidole gumba umeanza kuwa mweusi. Tukakimbilia dukani kutafuta jozi nyingine. Tuliyoipata ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu kiatu kisichowahi kuvaliwa hakimhurumii mtu.

Kesho yake alichukua seti ya kwanza. Katikati ya ya pili lengelenge likapasuka. Mtaalamu wa tiba akaingia, akamfunga bandeji ndani ya dakika tatu zinazoruhusiwa, mchezo ukaendelea. Mpinzani si mjinga: aliona binti hakanyagi sawasawa, akaanza kumdondoshea mipira mifupi karibu na wavu, mmoja baada ya mwingine. Binti akawa anaitazama tu. Mikono yake ilikuwa mizima, pumzi ipo, mpira wake wa kuanzia unakwenda vizuri, na mechi ikampita akiiona. Ile safari yote, nauli, hoteli, miezi ya mazoezi, ilikatwa na ngozi ya wayo.

Basi beba jozi tatu, na mbili kati yake uwe umeshazifanyia mazoezi makali hadi zimelainika. Ziwe na soli ya kiwanja kigumu, si ya udongo, na ziache nafasi mbele ya vidole, maana miguu huvimba kwenye joto. Soksi nene, nyingi, na ubadilishe kila seti inapoisha. Kata kucha siku chache kabla, usingoje usiku wa kuamkia mechi. Ukipanda ndege, jozi moja iliyozoeleka ikae kwenye begi la mkononi. Begi kubwa likipotea, raketi unaweza kuazima. Mguu wa kuvaa kiatu cha mwenzio huna.

Joto la kiwanja halilingani na la utabiri wa hewa. Mwaka 2014 kule Melbourne, mchezaji Caroline Wozniacki alisema aliweka chupa yake chini na plastiki ikaanza kuyeyuka. Tangu 2019 Australian Open ina kipimo cha joto cha 1 hadi 5: kikifika 4, wanawake hupumzika dakika 10 kabla ya seti ya tatu, na kikifika 5 mchezo husimamishwa. Soma kanuni za mashindano yako. Anza kunywa maji na chumvichumvi tangu jana yake, na ufanye mazoezi saa ileile utakayocheza.

Dawa usimeze ovyo. Świątek huyohuyo alikutwa na trimetazidine, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku michezoni, mwaka 2024 kutokana na vidonge vya usingizi vya melatonin vilivyochafuliwa, akafungiwa mwezi mmoja. Kila kidonge, hata cha usingizi au mafua, kikaguliwe kwanza, na mabaki yake uyatunze pamoja na pakiti.

Mengine ni ya kuwa macho tu. Mvua ikinyesha kidogo, mistari iliyopakwa rangi huteleza kuliko sehemu nyingine. Ratiba ikisema “si kabla ya” saa fulani, hiyo ni saa ya mapema kabisa. Unaweza kusubiri hadi usiku, kwa hiyo beba chakula. Ukitolewa kwenye mchujo usiwahi kufunga mizigo. Uliza namna ya kujiandikisha kusubiri nafasi ya anayejitoa, baki karibu na viwanja, na simu iwe imewashwa.