Punguza matangazo kwenye simu bila kupakua chochote

Kama simu yako ni Android 9 kwenda juu, fungua Mipangilio, tafuta "DNS", gusa DNS ya Faragha, chagua kuweka jina la mtoa huduma, andika dns.adguard-dns.com kisha hifadhi. Nimemwekea mama jana. Ukurasa wa habari uliokuwa umefunikwa na matangazo ya kamari sasa anausoma wote bila kusumbuliwa. Kabla ya kuvuta tangazo, simu huiuliza DNS, yaani seva inayotafuta anwani za tovuti, anwani yake iko wapi. Seva hii ya AdGuard inaikatalia, basi tangazo halishuki na bando haliliwi. Vifuatiliaji vingi, yaani vinavyochunguza unachofanya mtandaoni, navyo hukwama hapo hapo. Kagua herufi moja moja, maana ukikosea jina, intaneti yote inakata. Mbele ya matangazo ya YouTube na Facebook haifui dafu, kwa sababu yanapita mlango mmoja na video na picha zenyewe. Wi-Fi ya hoteli ikigoma kuleta ukurasa wa kuingia, zima DNS hii kwanza, ukishaunganishwa uirudishe. Na tafadhali, usiweke jina lolote unalotumiwa tu kwenye magrupu: mwenye seva huona tovuti unazofungua.