Pima mgongo kwanza: kupanga jalada la kitabu cha gundi

Wateja wengi huniletea picha ya mbele tu. Jina limekaa, rangi zinapendeza kwenye simu, wanadhani kazi imekwisha. Jalada la kitabu cha gundi, kile ambacho kurasa zake hubandikwa mgongoni, ni karatasi moja iliyokunjwa: nyuma, mgongo, mbele. Mgongo ukikosewa, vyote vitatu vinapotea.

1. Funga hesabu ya kurasa za ndani. Usiguse jalada mhariri akiwa bado anakata sura. Mimi hutafuta idadi inayogawanyika kwa 16, maana karatasi kubwa mara nyingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16. Tuseme riwaya yako ni A5, kurasa 192.

2. Muulize mchapaji karatasi. Gramu ngapi kwa mita ya mraba, na je, ndiyo watakayochapia kweli? Kurasa 192 ni karatasi 96. Bondi, karatasi nyeupe ya kawaida, ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo mgongo unakuja kama milimita 9.6. Krimu, ile yenye rangi ya maziwa, ya gramu hizohizo mara nyingi ni nene zaidi.

3. Dai dami, yaani kitabu cha mfano. Hesabu ya juu ni ya kuanzia tu. Omba wakufungie kitabu kitupu kwa karatasi yenyewe, ukibane kidogo, upime mgongo juu, katikati na chini. Kuna riwaya niliipangia mgongo mwekundu kwa hesabu za bondi. Siku ya kuchapa bondi ikawa imekwisha, ikatumika krimu. Sikuulizwa, na mimi sikuuliza. Nakala 500 zikatoka ukanda mwekundu ukiwa mwembamba kuliko mgongo wenyewe, picha ya mbele inachungulia kama shumizi chini ya gauni. Tangu hapo rangi ya mbele naiachia izunguke mpaka nyuma. Mpaka mkali huumbua hata nusu milimita.

4. Fungua faili. Dami imesema milimita 10. Upana: 148 + 10 + 148 = 306, ongeza 3 za kukatwa kila upande, 312. Urefu: 210 + 6 = 216. Picha zifike mwisho wa ziada hiyo. Maandishi yakae ndani, milimita 5 au zaidi kutoka mahali pa kukata. Rangi zigeuze kuwa CMYK, mfumo wa wino nne za kuchapia, mapema, kwani buluu inayong'aa kwenye skrini hupenda kugeuka zambarau.

5. Andika mgongo. Kwetu maandishi hutoka juu kwenda chini: kitabu kikilala mezani, uso juu, jina linasomeka. Vitabu vya Kifaransa kwa kawaida hupanda kutoka chini, ndiyo maana kwenye rafu yenye vya Dar na vya Kinshasa utaona watu wanapinda shingo huku na huku. Mgongo usiofika milimita 6 mimi huuacha mtupu.

6. ISBN, namba ya kutambulisha kitabu. Tarakimu 13. Tanzania huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Nyingi huanza 978-9976 au 978-9987, za Kenya 978-9966. Msimbopau uwe mweusi juu ya cheupe, kama milimita 37 kwa 26. Usiupake mwekundu hata kama jalada linalilia, kwa sababu mwanga wa skana nyingi ni mwekundu na mistari hiyo haitaonekana.

7. Vika dami. Chapa jalada kwenye A3 kwa asilimia 100, si "jaza ukurasa". Kata, kunja, livike. Jina la mgongoni likikaa katikati, tuma PDF.