Kutafuta kani za maegemeo kwenye boriti inayochomoza

Wanaokwama kwenye maswali ya boriti mara nyingi hawakwamishwi na hesabu. Wamekimbilia milinganyo kabla ya kuchora.

Chukua boriti ya mita 8. Ncha ya kushoto, A, imeshikwa na pini, egemeo lisiloiruhusu kusogea juu, chini wala pembeni. Mita 6 kutoka hapo kuna rola, B, egemeo linalosukuma kwa wima tu. Mita 2 zilizobaki zinaning'inia hewani hadi ncha C. Kati ya A na B kuna mzigo uliosambaa wa kN (kilonyutoni) 4 kwa kila mita. Kwenye C kuna kN 15. Uzito wa boriti yenyewe tunaupuuza.

Hatua ya 1. Chora boriti peke yake. Futa maegemeo, weka mishale badala yake: FA juu, FB juu. Pini huweza pia kusukuma kwa ulalo, ila hapa hakuna mzigo wa ulalo, kwa hiyo ni sifuri.

Hatua ya 2. Kusanya mzigo uliosambaa: 4 × 6 = kN 24, mahali pake mita 3 kutoka A. Si mita 4! Tunatafuta katikati ya mzigo, si ya boriti. Hapa ndipo alama nyingi hupotelea.

Hatua ya 3. Piga momenti (kani mara umbali wake) kuzunguka A. FA inapita A penyewe, haina momenti, kwa hiyo kisichojulikana kinabaki kimoja:

FB × 6 = 24 × 3 + 15 × 8 = 192
FB = kN 32

Hatua ya 4. Kani za juu zilingane na za chini: FA = 24 + 15 − 32 = kN 7.

Hatua ya 5. Hakiki. Usijumlishe tena kani za wima. Mlinganyo huo ndio uliokupa FA, lazima utakubali. Zunguka B:

7 × 6 + 15 × 2 = 72, na 24 × 3 = 72. Imekubali.

Sasa weka kN 39 kwenye C. Ukizunguka B tena, FA inakuwa (24 × 3 − 39 × 2) ÷ 6 = (72 − 78) ÷ 6 = kN −1. Wengi wakiona hasi hufuta kazi yote. Usifute. Hasi inasema mshale uliuchora kinyume: A inaivuta boriti chini, la sivyo ingepinduka juu ya B kama pembea. Mpaka wa mzigo wa C ni kN 36, ambapo A haibebi kitu. Ukiuvuka, kuilaza tu boriti juu ya A hakutoshi. Ifungwe kwa bolti.