Adobo ya kuku kwa presha kuka: usifunge mfuniko kabla siki haijachemka

Shemeji yangu alipika adobo, yaani nyama ya Kifilipino inayopikwa kwa siki, kwenye presha kuka, akafungua mfuniko, nyumba nzima ikakohoa. Kuku ameiva hadi anaachana na mfupa, lakini mchuzi ni maji matupu na siki inapanda puani. Alikuwa amefuata kijitabu kilichokuja na sufuria: tia vitu vyote kwa pamoja, funga, subiri. Nikamwelekeza kwa simu akapika tena, na haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na maswali aliyonikatiza nayo.

Presha kuka inajua kazi moja, kulainisha nyama. Adobo ina kazi nyingine mbili: kuutoa ukali wa siki na kuukausha mchuzi. Zote mbili zinataka mvuke utoke, kwa hiyo zinafanyika mfuniko ukiwa pembeni.

Vitu

Kuku kilo 1, mapaja na miguu, na ngozi yake. Kidari kiache kwa mishikaki; kwenye presha kinachambuka nyuzinyuzi. Siki nusu kikombe, sosi ya soya theluthi ya kikombe, maji nusu kikombe, kichwa kizima cha kitunguu saumu, pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai, majani 3 makavu ya laureli (bay leaf), mafuta kidogo. Basi. Hakuna nyanya, hakuna tangawizi, hakuna bizari nyembamba. Najua mkono utakuwasha. Manjano yana adobo yake, ile ya mkoa wa Batangas huko Ufilipino, na mara nyingi haitiwi soya.

Hayo majani yaangalie vizuri dukani. La laureli lina mshipa mmoja katikati. Lile la Kihindi la pilau na biriani lina mishipa mitatu inayokwenda kwa urefu na linanukia kama mdalasini. Si lenyewe, na ukilitia utapata mchuzi mzuri wa kitu kingine.

Chumvi usitie. Sosi za Kifilipino kama Silver Swan na Datu Puti zina chumvi ya kutosha, na mchuzi ukikauka chumvi inazidi kujitokeza.

Sufuria iwe ya stenlesi. Alumini tupu na siki havipatani: chakula kinashika ladha ya bati na sufuria inalika. Ya umeme au ya jikoni, hiari yako, ila mimi napenda ya jikoni kwa sababu moto wa gesi unakausha mchuzi upesi.

Hatua ya 1. Kaanga kitunguu saumu kilichopondwa hadi kibadilike rangi kidogo. Kisiungue.

Hatua ya 2: siki. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tia kuku, pilipili manga, majani, kisha mimina siki na maji. Soya bado. Mfuniko weka mbali. Washa moto wa juu na usikoroge. Kila Mfilipino atakwambia hivyo: siki isiguswe na mwiko mpaka ichemke. Wengine wanasema ukikoroga inabaki mbichi. Sina ugomvi na hilo la mwiko. Ninachokijua ni kwamba siki inahitaji kuchemka ikiwa wazi. Sehemu ya asidi yake hupanda pamoja na mvuke na kuondoka. Ukifunga mapema, mvuke wote uko ndani, unarudi kwenye mchuzi, na unaobaki unakusubiri usoni siku ya kufungua.

Muda ni dakika 4 au 5 tangu ianze kutokota, lakini saa isikutawale, tumia pua. Inama kidogo (kidogo!) juu ya sufuria. Kama unachokisikia kwanza ni siki na macho yanawasha, bado. Kitunguu saumu kikitangulia, tayari. Sasa ndiyo tia soya na ukoroge, ukiparuza chini ili vilivyoganda viachie, maana vikibaki vitaungua, na zile za umeme zitakuzimikia katikati ya kazi. Kama maji yamepungua sana, ongeza robo kikombe. Angalia kijitabu kinataka kiasi gani cha chini. Kuku naye atatoa maji yake.

Siki ipi? Ufilipino wanatumia ya miwa, ya nazi, na ya mnipa, mti wa jamii ya mnazi, ambayo mji wa Paombong kule mkoa wa Bulacan umepata jina kwayo. Aliye Pwani na anapata siki ya tembo la mnazi asihangaike: Wafilipino nao wanagema mnazi, na tuba yao ikichacha ndiyo siki. Siki nyeupe ya dukani inafaa, ila ina ukali mkavu, ichemshe dakika 1 au 2 zaidi. Ya tufaha inapita. Ndimu haifai, ikichemka muda wote huo inaleta uchungu. Na soya si lazima hata kidogo. Kupika nyama kwa siki na chumvi kulikuwepo huko kabla ya Wahispania, na soya ni ya Wachina. Adobong puti, adobo nyeupe, bado inapikwa bila soya. Siki ndiyo chakula chenyewe, ndiyo maana nimeing'ang'ania.

Hatua ya 3. Funga. Presha ikishika, punguza moto, dakika 8 kwa broila. Kwa kienyeji anzia 25, jogoo mzee ongeza. Hesabu dakika, si filimbi, kwa sababu kila sufuria inapiga kivyake. Zima, acha dakika 10 ipoe yenyewe, ndipo utoe mvuke uliobaki.

Hatua ya 4. Mchuzi utakuwa mwingi na mwepesi. Usitie unga wala konfulawa. Toa kuku kwa uangalifu asivunjike, acha mchuzi uchemke wazi hadi ubaki kama nusu na uanze kung'aa. Sukari kijiko 1 cha chai, ukipenda, itie sasa. Ikitangulia inaungua chini.

Huku mchuzi unakauka, kaanga kuku kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, upande wa ngozi. Wapo wanaokaanga mwanzoni. Sioni faida, maana presha inailowesha ngozi ile ile uliyohangaika kuikausha. Rudisha kuku kwenye mchuzi, mgeuze mara mbili, epua.

Anayetaka ya eneo la Bicol, adobo sa gata (adobo ya tui), atie tui zito hapa mwishoni kwa moto mdogo. Likiingia kwenye presha na siki litakatika.

Kula na wali mweupe usiotiwa chochote. Ikilala kwenye friji siku moja inakolea zaidi. Mchuzi uliobaki usiumwage: kaanga wali kiporo kwa kitunguu saumu kingi, nyunyizia vijiko 2 vya mchuzi, weka yai la macho juu.