Embe pevu si lazima liwe bivu

Usichanganye pevu na bivu. Embe changa bado linakua. Kokwa lake ni laini, kisu kinapita. Likishapevuka, kokwa limekuwa gumu na tunda limefikia ukubwa wake, ila nyama bado ni mbichi. Kuiva kunafuata baadaye. Tofauti hii ina faida kubwa: embe lililochumwa likiwa pevu huiva hata kapuni, lililochumwa changa husinyaa tu. Kwa hiyo mwambie mchumaji achume yaliyopevuka, usimwambie achume makubwa.

Nazi ndiyo imejaliwa majina: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Koroma tusilisahau jamani, limeshapita udafu na halijafika kuwa nazi.

Kwenye mifugo, mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa, na tembe ni kuku ambaye hajaanza kutaga. Inaniuma kusoma “ng'ombe mdogo wa kike” ilhali neno lipo.

Kwa binadamu, kukomaa na kupevuka hufaa kwa akili pia. Mchanga ni mtoto aliyezaliwa karibuni. Anayekimbia huku na huko mwite mtoto mdogo.