Leseni ya kukagua na kuondoa kuvu Texas: anzia hapa

1. Kabla ya kujaza fomu yoyote, chukua futi kamba. Texas inadai leseni ya kuondoa pale kuvu inayoonekana inapofika futi 25 za mraba zilizoungana, yaani kipande cha ukuta cha futi 5 kwa 5. Tahadhari: kuvu hula karatasi ya jipsamu, mara nyingi upande wa nyuma. Doa la ukubwa wa sahani likifunuliwa huweza kuwa nusu ya ukuta. Ukikuta hivyo na huna leseni, weka kisu chini.

2. Chagua upande: kukagua au kuondoa. Aliyekagua haruhusiwi kuondoa kwenye kazi hiyohiyo, maana angejitafutia kazi mwenyewe.

3. Nenda darasani kwa mkufunzi aliyeidhinishwa na TDLR, idara ya leseni ya jimbo, inayosimamia kazi hii tangu Novemba 2017. Kibarua wa kuondoa husoma saa 4 kisha hujisajili. Kwa mgeni ndiyo njia ya haraka. Fundi mkaguzi husoma saa 24 na kufanya mtihani. Huyu huchukua sampuli na kuandika alichokiona, lakini mpango wa kuondoa kuvu haandiki. Huo ni wa mshauri wa ukaguzi, mwenye saa 40. Mkandarasi wa kuondoa naye saa 40, na bima ya dola milioni 1.

4. Kazini, mshauri anaandika mpango: vyumba gani, kuvu itazuiwaje isisambae, kipi kitahesabika kuwa safi. Mkandarasi anaandika jinsi atakavyoutekeleza, kisha anaiarifu TDLR siku 5 kabla ya kuanza. Kila anayeingia eneo la kazi apewe barakoa, isiwe chini ya N-95. Ya kitambaa haifai kitu.

5. Kazi ikiisha, ndani ya siku 10 mkandarasi humpa mwenye nyumba cheti cha kuwa kuvu imeondolewa. Hapa ndipo wengi hukwama: mshauri hawezi kusaini kwenye cheti hicho kuwa chanzo cha kuvu kimerekebishwa wakati bomba chini ya sinki bado linadondoka. Mlete fundi bomba kabla ya kupachika jipsamu mpya. Na mwenye nyumba akitunze cheti: akiuza, sheria inamtaka amkabidhi mnunuzi nakala za vyeti vyote vya miaka 5 iliyopita.